Waziri aliyetoa noti, Jaji aliyezikataa

Mwezi Juni 1860, Bi. Hepburn wa jimbo la Kentucky, Marekani, alimwandikia Henry Griswold hati ya deni: angemlipa dola 11,250 ifikapo tarehe 20 Februari 1862. Siku ikafika, ikapita, fedha hazikuonekana. Siku tano baadaye, tarehe 25, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyozipa noti mpya za serikali hadhi ya fedha halali. Maana yake ni kwamba ukidaiwa, ukatoa noti hizo, umelipa. Hepburn alipobanwa mahakamani akatoa noti. Griswold akazikataa. Walipoandikiana, dola ilikuwa sarafu ya madini, na dola ya karatasi sokoni ilikuwa imeshuka thamani. Aliyekopesha dhahabu alipwe karatasi?

Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 7 Februari 1870 Jaji Mkuu alitoa hukumu: Griswold ana haki. Bunge halikuwa na mamlaka ya kumlazimisha mtu apokee noti kwa deni lililofungwa kabla ya sheria ile. Kwa madeni hayo, sheria ya noti ilikuwa imevunja Katiba.

Jaji Mkuu huyo aliitwa Salmon Portland Chase. Waziri wa Fedha aliyezitoa noti hizo miaka minane nyuma aliitwa Salmon Portland Chase. Ni mtu mmoja. Sura yake yenyewe ilikuwa imechapwa kwenye noti ya dola moja.

Kwa lugha yetu ya siasa tungesema amekula matapishi yake, na wapo Wamarekani wengi wa wakati ule waliosema hivyo kwa maneno yao. Nami nilipokutana na kisa hiki mara ya kwanza nilicheka. Baadaye, nilipoisoma safari yake toka mwanzo, nikaona tunauliza swali kwa upande usio wake. Hukumu ya 1870 inafanana kabisa na mtu huyu. Kinachotaka maelezo ni alichokifanya mwaka 1862.

Chase alizaliwa Cornish, New Hampshire, Januari 1808. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, akapelekwa Ohio kwa baba yake mdogo, Philander Chase, askofu mkali asiyecheka na mtoto. Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1826, akajifunza sheria Washington chini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali, William Wirt, kisha mwaka 1830 akahamia Cincinnati kufungua ofisi ya uwakili. Alikuwa mtu wa sala, wa nidhamu na wa misiba: kufikia 1852 alikuwa amezika wake watatu na mabinti wanne wadogo. Walibaki wawili, Kate na Nettie.

Cincinnati ilikuwa mji wa mpakani. Ukisimama ukingoni mwa mto Ohio, uliposimama ni nchi huru, ng'ambo ni Kentucky yenye watumwa. Watu walivuka usiku, wawindaji wakawafuata mchana. Mwaka 1837 aliletwa mahakamani msichana aitwaye Matilda, aliyemtoroka bwana wake mjini humo. Bwana huyo alikuwa pia baba yake mzazi. Chase alimtetea, akashindwa, na Matilda akarudishwa utumwani. Mwaka 1847 alipeleka hoja zake Mahakama ya Juu kumtetea John Van Zandt, mkulima aliyekamatwa akiwasafirisha watoro kwa gari lake. Akashindwa tena. Alizichukua kesi nyingi za namna hii, akashindwa katika nyingi, mpaka akabandikwa jina la mwanasheria mkuu wa watumwa watoro. Wengine walilitamka kwa kejeli. Watu weusi wa Cincinnati, wao, walimtunukia birika la fedha mwaka 1845.

Hoja aliyoitumia katika kesi hizi ndiyo ufunguo wa mengine yote. Chase hakuwaambia majaji kwamba utumwa ni dhambi wakaishia hapo, ingawa aliamini hivyo. Aliwaambia: serikali ya taifa ina mamlaka yale tu iliyopewa na Katiba. Nionyesheni kifungu kinachoiruhusu kumfanya binadamu kuwa mali. Hakipo. Basi utumwa unaishi kwa sheria za jimbo peke yake, na mtu akitoka nje ya jimbo hilo, kamba imekatika. Alipenda kulifupisha: uhuru ni wa taifa, utumwa ni wa jimbo. Shika swali hilo, kwamba mamlaka hayo yametolewa wapi katika Katiba, maana atalirudia uzeeni juu ya kitu kingine kabisa.

Tabia yake ya pili ilihusu pesa. Ukiacha suala la utumwa, Chase alijiona Mdemokrati wa mtindo wa Rais wa zamani Andrew Jackson: mtu wa sarafu, asiyeziamini benki wala karatasi zao. Na alikuwa na sababu. Wakati ule Marekani haikuwa na noti ya taifa. Kila benki ya jimbo ilichapa zake, zikazunguka maelfu ya noti za rangi na sura tofauti, nyingine za benki zilizokwisha kufa na nyingine za bandia tupu. Mfanyabiashara alikaa na kitabu cha kumsaidia kujua noti ipi apokee na kwa punguzo gani.

Siasa zake zilipita katika vyama vingi, na hapo ndipo sifa ya kigeugeu ilipoanza. Alijenga chama kidogo cha Liberty, kisha mwaka 1848 akawa miongoni mwa waasisi wa Free Soil, waliotaka ardhi mpya za magharibi zisiingizwe utumwa. Mwaka 1849 bunge la Ohio lilikuwa limegawanyika katikati, na wajumbe wachache wa Free Soil ndio walioshika mizani. Wakafanya biashara na Wademokrati: Chase apelekwe Seneti, na sheria nyingi za kuwakandamiza watu weusi wa Ohio zifutwe. Zikafutwa. Ila wanasiasa wa chama cha Whig walioona wamechezewa rafu hawakumsamehe, na wengi wao ndio aliokuja kuwakuta ndani ya chama kipya cha Republican miaka michache baadaye. Hata alipochaguliwa gavana wa Ohio, Mrepublikani wa kwanza kushika nafasi hiyo, kinyongo kilikuwa palepale.

Alikuja kulipia mwaka 1860, kwenye mkutano mkuu wa Republican mjini Chicago. Duru ya kwanza Chase alipata kura 49, huku Seward wa New York akiwa na zaidi ya 170 na Lincoln 102. Kati ya kura 46 za Ohio, nyumbani kwake, alipata 34 tu. Duru ya tatu Lincoln alikuwa amebakiza kura moja na nusu kushinda, ndipo mjumbe wa Ohio aliposimama na kutangaza kuwa kura nne za jimbo lake zinahamia kwa Lincoln. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chase alikitaka sana, lakini kuinama hakukuwamo katika mwili wake. Hakuwa na meneja wa kampeni anayeeleweka, na aliamini nchi ingemwona yenyewe.

Lincoln akampa Wizara ya Fedha. Aliapishwa Machi 1861. Aprili vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Sasa twende polepole, maana fundo la noti lilifungwa hapa. Sheria ya mwaka 1846 iliitaka serikali ya Marekani ipokee na kulipa kwa sarafu, na sarafu hizo zikae katika maghala yake yenyewe, si benki. Kwa serikali ndogo ya amani hilo liliwezekana. Ila kufikia mwisho wa 1861 vita vilikuwa vikila zaidi ya dola milioni moja kwa siku. Chase aliziendea benki za New York, Boston na Philadelphia, zikakubali kumkopesha dola milioni 150 kwa mafungu. Wenye benki wakamwomba: tuachie dhahabu kwetu, wewe andika hundi tu, nasi tutalipa. Bunge lilikuwa limeilegeza sheria kiasi cha kuruhusu jambo kama hilo. Chase akakataa. Dhahabu iletwe Hazina, yote, ihesabiwe. Akiba za benki zikawa zinatoka kwa mikokoteni, na kurudi kwake kukategemea wananchi kuendelea kuwa na imani.

Novemba imani ikapasuka. Meli ya kivita ya Marekani iliisimamisha Trent, meli ya Uingereza, ikawashusha wajumbe wawili wa waasi wa Kusini. Ikaonekana Uingereza nayo itaingia vitani. Watu wakakimbilia benki kutoa dhahabu, na tarehe 30 Desemba 1861 benki zikafunga dirisha: hakuna tena kubadilisha noti kwa dhahabu. Hazina ikafuata. Askari walikuwa wakidai mishahara, wauza ngano na viatu vya jeshi wanadai, na waziri hana sarafu. Kwa maoni yangu sehemu ya shida hiyo aliitengeneza mwenyewe, kwa ukaidi uleule uliomfanya awe wakili mzuri.

Mbunge wa Buffalo, Elbridge Spaulding, ndiye aliyeandika muswada wa kutoa noti za serikali na kuzifanya fedha halali. Chase alisitasita kwa wiki kadhaa. Mwishoni mwa Januari 1862 aliiandikia kamati ya Bunge barua ambayo ukiisoma unamwona mtu anavyokunywa dawa chungu: alisema wazi kuwa anachukia kufanya kitu kingine chochote isipokuwa sarafu kuwa fedha halali, lakini matumizi ya vita na kufungwa kwa benki vimeifanya sarafu isipatikane. Akaunga mkono.

Zikatoka noti za dola milioni 150, kisha milioni 150 nyingine mwaka huohuo, kisha nyingine kiasi hichohicho mwaka 1863. Mgongoni zilichapwa kwa wino wa kijani, ndiyo maana watu wakaziita migongo ya kijani. Nyuma yake hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na neno la serikali peke yake. Kulikuwa na mambo mawili tu ambayo hazikuweza kufanya: kulipia ushuru wa forodha na kulipia riba ya deni la taifa. Hayo yalibaki kwa sarafu, na kwa makusudi. Ushuru uliingiza dhahabu, dhahabu ikalipa riba, na mwenye kuikopesha serikali akawa na uhakika wa kupata kitu kizito mkononi.

Mikopo hiyo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Chase alimkabidhi Jay Cooke, mwenye benki wa Philadelphia, kazi ya kuuza hati fungani za dola milioni 500 zenye riba ya asilimia 6. Cooke hakungoja matajiri. Aliajiri mawakala wapatao 2,500, akajaza magazeti matangazo, akauza hata hati za dola 50 kwa wakulima, makanika na wajane, wakazinunua kwa noti zilezile za kijani. Kufikia Januari 1864 zote zilikuwa zimekwisha. Februari 1863 ikapitishwa sheria ya benki za taifa: benki inanunua hati fungani za serikali, inaziweka dhamana Washington, inapewa noti za muundo mmoja kwa nchi nzima. Hii ndiyo kazi aliyoipenda. Mashaka yake juu ya noti za kijani hayakuisha. Aliziona kama jukwaa la fundi, la kuvunjwa nyumba ikisimama. (Maneno yaliyomo hadi leo kwenye fedha za Marekani, kwamba wanamtumaini Mungu, nayo yalianzia kwenye agizo lake kwa mkuu wa kiwanda cha sarafu, Novemba 1861.)

Lakini jukwaa liliyumba. Julai 1864 ilihitajika dola 285 za karatasi kupata dola 100 za dhahabu. Askari wa kawaida aliyeanza vita kwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi alikuwa akilipwa karatasi hizo hizo. Chase aliyaona haya kila siku mezani kwake, na nadhani hayakumtoka tena.

Kuhusu yeye na Lincoln, yapo mengi, machache yanatosha. Chase aliamini kwa dhati kwamba mtu asiyefaa ndiye aliyekalia kiti. Seneta Ben Wade wa Ohio alisema Chase ni mtu mwema ila dini yake ina kasoro, kwani anadhani katika Utatu Mtakatifu yupo nafsi ya nne. Desemba 1862 maseneta walikwenda kwa Lincoln wakitaka Seward, Waziri wa Mambo ya Nje, afukuzwe kwa kuwa anamtawala rais. Maneno hayo walikuwa wameyapata kwa Chase. Lincoln akawaweka maseneta na mawaziri chumba kimoja, wakaulizana uso kwa uso. Chase, mbele ya wenzake, akalazimika kukiri kwamba baraza hushauriana. Kesho yake akaja na barua ya kujiuzulu, Lincoln akaikwapua mkononi mwake kwa furaha. Sasa alikuwa na barua mbili, ya Seward na ya Chase, na hakuikubali hata moja. Naweza kupanda farasi sasa, alisema, nina boga kila upande wa shogi.

Hata mwanzoni mwa 1864, waraka wa siri wa Seneta Pomeroy uliomnadi Chase kwa urais ulipovuja, Lincoln hakumfukuza. Aliwahi kusimulia juu ya farasi mvivu aliyekimbia na plau kwa sababu ya pange aliyemng'ang'ania; kama pange wa urais anamuuma Bwana Chase na wizara inakwenda, mimi wa nini kumfukuza? Kilichowatenganisha kilikuwa kidogo: mabishano ya nani apewe cheo cha Hazina New York. Chase akaandika tena kujiuzulu, kama alivyozoea, akitegemea kubembelezwa. Tarehe 30 Juni 1864 Lincoln alimkubalia.

Oktoba hiyo akafariki Jaji Mkuu Roger Taney, mwandishi wa hukumu ya 1857 ya Dred Scott iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Desemba 6 Lincoln alimteua Chase, na Seneti ikamthibitisha siku hiyohiyo. Alilolitaka Lincoln lilijulikana: jaji atakayeilinda amri ya kuwakomboa watumwa, ambayo sentensi yake ya mwisho ya kumwomba Mungu aliipendekeza Chase, na atakayezilinda noti. Hakutaka kumuuliza mtu ataamuaje. Alimchukua aliyedhani msimamo wake unajulikana tayari. Kwa watumwa alipatia. Kwa noti alikosea, pengine kwa kuwa aliangalia noti zenyewe akasahau ile barua ya Januari 1862.

Tarehe 1 Februari 1865, chini ya Chase, John Rock akawa wakili wa kwanza mweusi kukubaliwa kwenye Mahakama iliyotoa hukumu ya Dred Scott. Mwaka 1868 Chase aliongoza kesi ya Seneti ya kumwondoa madarakani Rais Andrew Johnson, mrithi wa Lincoln, akisisitiza iendeshwe kisheria, si kama mkutano wa chama, na Johnson akaponea kura moja. Warepublikani wakamnunia Chase. Mwaka huohuo akatafuta urais kupitia Wademokrati, huku binti yake Kate akiendesha kampeni New York. Kate alikuwa ameolewa na Seneta William Sprague wa Rhode Island, tajiri wa viwanda vya nguo za pamba. (Vita vilipokata pamba ya Kusini, hata Unguja kitambaa cha merikani kiliadimika na wafanyabiashara wa Kimarekani wakapoteza soko.) Wademokrati walimteua Horatio Seymour. Hapa simtetei: mtu aliyetaka watu weusi wapige kura kuomba tiketi kwa chama kilichopinga jambo hilo ni uchu, hauna jina jingine.

Sasa rudi kwa Griswold. Katika hukumu ya 1870 Chase aliuliza swali lake la Cincinnati: kifungu kiko wapi? Bunge linaweza kutengeneza sarafu, linaweza kukopa, linaweza kupigana vita. Je, limepewa mamlaka ya kugeuza mkataba wa dhahabu kuwa mkataba wa karatasi? Hakuliona. Akagusia pia, bila kujitaja jina, kwamba wapo waliokubali hatua ile katikati ya kelele za vita na ambao, amani iliporudi, wamefikiri upya. Kila mtu mahakamani alijua anamsema nani.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Siku hiyohiyo Rais Grant alipeleka Seneti majina ya majaji wawili wapya, William Strong na Joseph Bradley. Nafasi zilikuwa wazi kihalali: moja ilitokana na sheria ya 1869 iliyorudisha idadi ya majaji kuwa tisa, nyingine na kustaafu kwa Jaji Grier. Hata hivyo, wengi walinong'ona. Mei 1871, Strong na Bradley wakiwa kitini, Mahakama iliigeuza hukumu ya Chase kwa kura tano kwa nne. Majaji wa zamani hawakuhama hata mmoja. Mizani ilipinduliwa na wageni wawili. Chase, aliyekwisha kupigwa na kiharusi mwaka 1870, aliandika kupinga.

Aprili 1873, Mahakama ilipomkatalia Myra Bradwell wa Illinois kuwa wakili kwa kuwa ni mwanamke, majaji wanane walikubaliana. Chase alipinga peke yake, bila nguvu ya kuandika sababu. Alifariki New York tarehe 7 Mei. Benki ya Chase ilianzishwa miaka minne baadaye na John Thompson, aliyechukua tu jina lake. Yeye hakuwa na hisa humo. Sura yake ilikuja kuwekwa kwenye noti ya dola 10,000.

Noti za kijani zenyewe zilifikia kulingana na dhahabu, na tarehe 1 Januari 1879 Hazina ikaanza tena kuzibadilisha kwa sarafu. Mwaka 1884 Mahakama iliamua kwamba Bunge linaweza kuzifanya fedha halali hata wakati wa amani. Majaji wanane walikubali. Aliyepinga alikuwa Stephen Field, jaji pekee aliyebaki kati ya wale walioungana na Chase siku ile ya deni la Bi. Hepburn.